Masufuria Darajani: Sydney na Swali la Nchi Moja au Mbili

Jumapili ya tarehe 3 Agosti 2025, Sydney iliamkia mvua. Agosti huko ni kipupwe, na mvua yake inauma. Hata hivyo watu walimiminika katikati ya jiji na miavuli, makoti ya plastiki, watoto mabegani, na vyombo ambavyo kwa kawaida havitoki jikoni: sufuria, miko, vifuniko. Walivigonga huku wakipanda Daraja la Bandari, ule upinde wa chuma uliofunguliwa mwaka 1932. Sufuria tupu haikuhitaji maelezo. Ilikuwa njaa ya Gaza, imeshikwa mkononi.

Polisi walikuwa wamekwenda mahakamani kuomba maandamano yazuiwe, na Jaji Belinda Rigg wa Mahakama Kuu ya New South Wales akawakatalia siku moja kabla. Polisi wenyewe walikadiria waandamanaji 90,000; waandaaji walisema walifika hadi 300,000. Ilipofika alasiri umati ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walitumiwa ujumbe wa simu wasimame na kugeuka kurudi mjini, wasije wakakanyagana.

Siku nane baadaye Waziri Mkuu Anthony Albanese, mtoto wa Sydney aliyelelewa na mama yake katika nyumba ya serikali mtaani Camperdown, alitangaza kwamba Australia itaitambua Palestina. Tarehe 21 Septemba ikaitambua rasmi, siku moja na Uingereza, Kanada na Ureno. Tanzania ilikuwa imefanya hivyo tangu 1988. Albanese alisema amepewa ahadi na Mamlaka ya Palestina: Israel itatambuliwa, uchaguzi utafanyika, na Hamas haitakuwa na nafasi serikalini. Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, alikuwa ameshamwita mwanasiasa dhaifu aliyeisaliti Israel.

Lakini kuitambua nchi ni jambo moja. Mpaka wake unapita wapi, nani raia wake, na jirani yake anaukubali au la, hayo ni mambo mengine kabisa, na hayo ndiyo yanayobishaniwa Sydney hadi leo, mezani, kwenye mikutano ya vyama, hata baina ya ndugu.

Chukua kauli moja tu inayosikika kwenye kila maandamano: Palestina huru kutoka mtoni hadi baharini, yaani kutoka Mto Jordan hadi Mediterania. Wengi wanaoiimba wanadai uhuru na usawa katika ardhi yote ile. Wayahudi wengi wanaoisikia wanaelewa kwamba Israel ifutwe, na wao waende watakakokwenda. Chama cha Likud nacho, katika ilani yake ya 1977, kilisema kati ya bahari na Jordan kutakuwa na mamlaka ya Israel peke yake. Ardhi ni ile ile. Kila upande unaitaja yote kwa pumzi moja.

Njia inayotajwa zaidi na serikali za dunia ni ya mataifa mawili: Israel ibaki katika mipaka iliyokuwepo kabla ya vita vya Juni 1967, na Palestina iwe Ukingo wa Magharibi, Gaza na Jerusalem Mashariki. Ni sehemu ndogo, asilimia 22 hivi ya ardhi iliyotawaliwa na Waingereza kwa jina la Palestina. Ukingo wa Magharibi haufiki kilomita za mraba 6,000. Gaza ni kilomita za mraba 365. Mtu aliyezunguka Pemba aikate katikati, na Gaza bado itaingia ndani ya nusu moja.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Ndiyo pekee yenye maazimio ya Umoja wa Mataifa nyuma yake, na ndiyo inayompa kila mmoja bendera na mlango wa kufunga usiku. Tatizo limejengwa kwa mawe na saruji. Zaidi ya walowezi 700,000 wa Kiyahudi sasa wanaishi Ukingo wa Magharibi na Jerusalem Mashariki, na karibu asilimia 60 ya Ukingo wenyewe, lile linaloitwa Eneo C tangu makubaliano ya Oslo, iko chini ya udhibiti kamili wa Israel. Julai 2024 bunge la Israel lilipiga kura 68 kwa 9 kupinga kuundwa kwa nchi ya Palestina. Siku iliyofuata Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kwamba kuendelea kwa Israel kuyakalia maeneo hayo ni kinyume cha sheria.

Safari ya Bob Carr inaonyesha jinsi makazi hayo yalivyobadili watu Sydney. Huyu alikuwa waziri kiongozi wa New South Wales kwa miaka kumi, na katika ujana wake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la marafiki wa Israel ndani ya chama cha Labor. Novemba 2003 Hanan Ashrawi, mwanasiasa wa Kipalestina, alipopewa Tuzo ya Amani ya Sydney, kelele zilikuwa kubwa: meya wa jiji, Lucy Turnbull, aliondoa uungaji mkono wa manispaa yake. Carr akashikilia kumkabidhi tuzo kwa mkono wake, ndani ya bunge la jimbo. Mwaka 2012, akiwa waziri wa mambo ya nje, alikuwa mstari wa mbele kumshinikiza Waziri Mkuu Julia Gillard ili Australia isipige kura ya kuikatalia Palestina hadhi ya nchi mwangalizi Umoja wa Mataifa. Australia ikajizuia. Na Agosti 2025 mzee huyo alikuwa darajani, mvuani, pamoja na wengine.

Wapo wanaosema saa ya mataifa mawili imeshapita. Antony Loewenstein, mwandishi wa habari wa Australia, Myahudi ambaye familia yake iliwakimbia Wanazi, alihariri pamoja na Mpalestina Ahmed Moor kitabu kilichotoka 2012 kikitetea nchi moja kwa wote. Hoja yao haina mzunguko. Kati ya mto na bahari wanaishi watu zaidi ya milioni 14, karibu nusu kwa nusu, na tayari mamlaka kuu ni moja. Kilichobaki ni kila mtu apewe kura. Edward Said, msomi wa Kipalestina, aliliandika jambo hilo mwaka 1999. Kabla yake, miaka ya 1940, alilitetea Judah Magnes, rabi aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem.

Kwa Waisraeli wengi hilo ni sawa na kuambiwa wakabidhi ufunguo wa nyumba pekee waliyonayo. Watu walioponea mauaji ya Ulaya hawasikii neno "wachache" kama hesabu tu. Ipo pia nchi moja ya namna nyingine, inayotakwa na wahafidhina wa Israel: ardhi yote iwe ya Israel, lakini Wapalestina wa Ukingo wasiwe na kura. Mtu akitaja nchi moja, inafaa aulizwe kwanza ni ipi.

Hapa msomaji wa Tanzania yuko kwenye uwanja wa nyumbani. Tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane tarehe 26 Aprili 1964, serikali moja, mbili au tatu ni mabishano ya kila kizazi. Nyerere alieleza kwamba serikali moja ingeonekana kuimeza Zanzibar, na tatu zingekuwa mzigo na mwanzo wa kuvunjika. Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013 ilipendekeza tatu. Bunge Maalumu la 2014 likarudi kwenye mbili. Hakuna damu ya Gaza katika kisa hicho, na hakuna jeshi la kigeni. Ila anayebishana juu ya idadi ya serikali, ukimsikiliza vizuri, mara nyingi anauliza kama atamezwa. Swali hilo hilo linaulizwa Tel Aviv na Ramallah, na linaulizwa kwa hofu kubwa zaidi.

Njia ya tatu inataka kulijibu. Vuguvugu la Nchi kwa Wote, lililoanzishwa 2012 na mwandishi wa Kiisraeli Meron Rapoport na mwanaharakati wa Kipalestina Awni al-Mashni, linapendekeza mataifa mawili huru ndani ya shirikisho lenye mipaka wazi. Mpalestina angeweza kuishi Haifa akipiga kura Palestina. Mlowezi angeweza kubaki Hebron chini ya sheria za Palestina akipiga kura Israel. Jerusalem ingekuwa ya pamoja. Ni kama Mkenya anayeishi na kufanya kazi Arusha huku kura yake iko Nairobi. Mpango huu una sifa moja kubwa: haumhamishi mtu kwa nguvu. Udhaifu wake nao uko wazi, kwa sababu mipaka wazi hutaka kuaminiana, na kuaminiana ndiko kulikokufa.

Wala mpaka peke yake si dawa. Wasudani Kusini wa Blacktown, magharibi mwa Sydney, wanalijua hilo. Waliposherehekea uhuru tarehe 9 Julai 2011, karibu asilimia 99 ya wapiga kura walikuwa wameuchagua. Desemba 2013 vita vikaanza upya, safari hii wenyewe kwa wenyewe.

Hofu inayozungumzwa hapa haikutoka vitabuni. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na washirika wake waliua watu wapatao 1,200 nchini Israel na kuchukua mateka 251. Miongoni mwa waliouawa ni vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Vita vilivyofuata, kufikia mwisho wa Julai 2025, vilikuwa vimeua zaidi ya watu 60,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, na kuzigeuza shule na hospitali kuwa vifusi. Sydney yenye mitaa ya Waarabu na Waislamu kama Lakemba na Bankstown upande mmoja, na ya Wayahudi kama Bondi na Dover Heights upande wa pili, ina watu waliopoteza ndugu kotekote. Mikutano ya Jumapili ya kuiunga mkono Palestina ilikuwa ikifanyika Hyde Park. Sinagogi Kuu, lililofunguliwa 1878, linaitazama bustani hiyo hiyo, na kati yao ni upana wa mtaa wa Elizabeth tu.

Tarehe 14 Desemba 2025 damu ikamwagika ndani ya jiji lenyewe. Watu wawili wenye bunduki waliwashambulia waliokusanyika kwa sikukuu ya Kiyahudi ya Hanukkah ufukweni Bondi, wakaua watu 15. Aliyemrukia mmoja wao mikono mitupu na kumnyang'anya bunduki alikuwa Ahmed al-Ahmed, Mwislamu mzaliwa wa Syria, muuza matunda. Alipigwa risasi, akapona. Siku zile watu wengi Sydney hawakuwa na hamu ya kubishana juu ya mipaka. Walikwenda kuweka maua.

Utambuzi wa Septemba haukumridhisha kila mtu, na waliokasirika hawakuwa upande mmoja. Baraza Kuu la Wayahudi wa Australia lilisema ni zawadi kwa Hamas na ni kuwatupa mateka. Watetezi wengi wa Palestina walisema bendera bila vikwazo haisimamishi tingatinga hata moja. Kila upande ulikuwa na lalamiko la chini kabisa ambalo ni moja: kwamba watu wa mbali wanawapangia.

Na kupangiwa huko kuna historia ndefu inayofika hadi kwetu. Mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa viongozi wa Kizayuni nafasi ya kuanzisha makazi ya Wayahudi kwenye uwanda wa Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret leo. Theodor Herzl aliupeleka mpango huo kwenye mkutano wao Basel, na mwaka 1905 ukakataliwa. Kuanzia 1939 hadi 1943 Isaac Steinberg, aliyewahi kuwa kamishna wa sheria katika serikali ya Lenin, alizunguka Australia akiomba wakimbizi wa Kiyahudi wapewe ardhi Kimberley, kaskazini magharibi mwa nchi. Waziri Mkuu John Curtin akakataa. Uasin Gishu hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamaasai. Kimberley hakuna aliyewauliza wenyeji wa asili.

Kisha akaja Herbert Evatt. Mwanasheria huyu, mbunge wa jimbo la Barton kusini mwa Sydney na waziri wa mambo ya nje, ndiye aliyeongoza kamati maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyolijadili suala la Palestina mwaka 1947. Tume ya nchi 11 iliyotangulia ilikuwa imegawanyika: saba zilitaka kuigawa ardhi, wakati India, Iran na Yugoslavia zilitaka nchi moja ya shirikisho. Australia haikuunga mkono upande wowote. Yote yanayobishaniwa Sydney leo, basi, yalikuwa mezani pa Evatt. Mwenyewe aliamini katika mgawanyo, akausukuma hadi mwisho. Tarehe 29 Novemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupitisha kwa kura 33 dhidi ya 13, na kwa mpangilio wa alfabeti Australia ikawa ya kwanza kusema ndiyo. Wayahudi, waliokuwa theluthi moja hivi ya wakazi, walipangiwa zaidi ya nusu ya ardhi. Viongozi wao wakakubali, Waarabu wakakataa, vita vikafuata, na Wapalestina zaidi ya 700,000 wakapoteza makwao.

Siku chache kabla ya kura ile, ndani ya kamati ya Evatt, nchi za Kiarabu na wenzao waliomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki iulizwe kwanza kama Umoja wa Mataifa una mamlaka ya kuigawa nchi bila ridhaa ya walio wengi ndani yake. Ombi hilo lilipigiwa kura peke yake. Lilishindwa kwa kura 21 dhidi ya 20.