Askari mwanamuziki achague ngoma zake kwa busara

Muziki na kazi ya ulinzi ni ndugu wa siku nyingi katika Afrika ya Mashariki. Nchini Tanzania, Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa zilipendwa na raia kwa miaka mingi, na nyimbo zao zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Siku hizo askari mwenye kipaji hakuwa na budi kungojea zamu ya studio. Leo kompyuta moja ya kubebeka, iliyotiwa programu zifaazo, yaweza kuwa studio nzima. Yaingia katika begi la askari anayehamishwa kutoka Mbuya kwenda Moroto na, kwa kuvaa hedifoni, mwenyewe aweza kupiga ngoma usiku kucha pasipo kumwamsha jirani yake kambini.

Lakini programu za ngoma na za vinanda vya umeme ni nyingi mno, na kila moja hujisifu. Je, achague ipi? Sisi twaona kwamba njia ya kupata jibu yaanzia katika kilima cha Kyambogo, mashariki ya Kampala, jirani na Naguru yaliko makao makuu ya Polisi.

Ngoma zilizonyamaza

Dkt. James Isabirye, mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, ameongoza kazi ya kufufua entenga, ngoma za ikulu ya Kabaka wa Buganda. Entenga ni ngoma 15. Kati ya hizo, 12 huwambwa kila moja kwa noti yake, hata zikaweza kuimba wimbo kama marimba. Tatu zilizobaki ni kubwa zaidi, nazo husindikiza. Wapigaji ni sita: wanne kwa zile 12, na wawili kwa zile tatu.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Serikali liliishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia uhamishoni, wapigaji wakatawanyika, na entenga zikanyamaza. Falme zilifutwa mwaka 1967 na kurudishwa mwaka 1993, lakini kurudi kwa kiti hakukurudisha ngoma. Ilikuwa katika miaka ya 2010 ndipo vijana walipofundishwa upya na Mzee Musisi Mukalazi Livingstone, mmoja wa wapigaji wachache wa zamani waliokuwa hai. Sauti ya ngoma zenyewe ilikuwa imesalia katika kanda, kwani Hugh Tracey alikuwa amewarekodi wanamuziki wa ikulu mwaka 1950 na 1952.

Hatuyasemi haya kwa nia ya kufukua ugomvi wa zamani. Twayasema kwa kuwa yaonyesha jinsi sauti inavyoweza kupotea katika siku moja, na jinsi inavyookolewa na mikono ya mzee na chombo cha kurekodi. Kompyuta ya askari ni chombo cha namna hiyo. Lakini si kila programu yafaa kwa kazi hiyo, na hapa chini twaeleza mambo manne ya kupima kabla ya kuchagua.

Je, yapokea ngoma zako?

Programu nyingi huja na ngoma zilizokwisha tengenezwa. Sikiliza kwa makini nawe utakuta mara nyingi ni sauti za mashine ya TR-808, iliyotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1980. Ni mashine njema, lakini haijui embuutu wala engalabi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama programu itakubali sauti ulizorekodi mwenyewe.

Hydrogen, ambayo hutolewa bure kwa idhini ya watungaji wake, hukubali. Rekodi engalabi mahali penye utulivu: pigo la katikati ya ngozi, kisha la ukingoni, na kila moja kwa nguvu tatu, yaani polepole, wastani na kwa kishindo. Kata kila pigo kwa programu ya Audacity, nayo ni ya bure, kisha uyapange ndani ya Hydrogen. Programu itachagua pigo kulingana na nguvu ya kidole chako juu ya kinanda, na ngoma haitasikika kama saa ya ukutani.

Je, yakubali mizani yako?

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Kinanda cha kizungu hugawa oktavu, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti ya jina lile lile juu yake, katika hatua 12 zilizo sawa. Wataalamu huupima umbali huo kwa senti 1,200, hivyo kila hatua ni senti 100. Muziki wa ikulu ya Buganda una noti tano katika oktavu, na hatua zake hukaribia senti 240. Basi noti ya pili huangukia kati ya 200 na 300, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Anayelazimisha wimbo wa entenga katika kinanda hicho aupinda pasipo kujua.

Dawa ipo. Surge XT, programu ya bure ya sinthesaiza, hupokea faili za mizani ziitwazo Scala. Faili hiyo ni maandishi matupu. Waweza kuiandika mwenyewe kwa kutaja hatua 240.0, 480.0, 720.0, 960.0 na 1200.0, na kuanzia hapo kila vitufe vitano vinavyofuatana, vyeupe kwa vyeusi, vitakuwa oktavu moja. Kisha ukae na mpigaji mzee, usikilize, na urekebishe namba kwa sikio lake, maana mafundi hawafuati namba bali sikio.

Je, yajua kuhesabu?

Programu nyingi hufunguka zikiwa na vyumba 16 vya mapigo. Nyimbo nyingi za Kiganda huzunguka kwa mapigo 24 au 36, na nyingine ni ndefu zaidi. Hakikisha kwamba programu yakuruhusu kubadili idadi hiyo. Kama haikuruhusu, wimbo utakatwa mguu ili utoshe kitanda.

Je, ni halali?

Kuna wanaouza mitaani programu za gharama zilizovunjwa kufuli. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006 hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo. Haimfai mlinzi wa sheria kuanza wimbo wake kwa wizi. Tena programu hizo mara nyingi hubeba virusi. Mwenye fedha aweza kununua FL Studio ya Ubelgiji, ila ajue kwamba toleo lake la bei ya chini kabisa halirekodi sauti ya mwimbaji, na lile la majaribio halikubali kuifungua tena kazi uliyoihifadhi.

Neno la mwisho

Askari huhamishwa, na kila anapokwenda hukuta ngoma nyingine: bul ya Waacholi, ngoma za Wasoga, za Wagisu, za Walugbara. Raia wachache hupata nafasi hiyo. Twamshauri basi anayependa muziki aombe ruhusa ya wapigaji, arekodi pigo kwa pigo, na aandike jina la mpigaji, la kijiji, na tarehe. Akiuza wimbo, awakumbuke waliompa sauti. Na kazi yote aiweke katika diski ya pili, mbali na kompyuta, kwani umeme hukatika na vyombo huharibika. Ngoma za entenga zilingoja karibu miaka 50 kusikika tena. Ngoma nyingine huenda zisipate mzee wa kuzifundisha.