MUHOGO: AKIBA ILIYO ARDHINI

Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Mkulima wa pande za bara za Mombasa, akiwa Likoni, Kisauni au Changamwe, ameishi kwa maneno hayo tangu zamani, na akiba yake kubwa ni muhogo. Mahindi hukauka mvua ikikatika mapema, na unga wa dukani hupanda bei. Lakini muhogo hukaa ardhini, humngoja mwenyewe mpaka siku atakapouhitaji. Walakini yako maradhi ambayo huigeuza methali hiyo. Huuozesha muhogo ungali udongoni, na mara nyingi majani juu ni mabichi na mazuri, hata mwenye konde hana habari mpaka siku ya kung'oa. Hapa twataka kueleza maradhi hayo ni nini, jinsi mbegu za kale zilivyosaidia kupigana nayo, na kwa nini konde dogo la Mtongwe au Mwakirunge lina maana kwa chakula cha watu wengi.

KONDE LA WAZEE

Konde la zamani la pwani halikuwa na mmea mmoja. Chini ya minazi na miembe palipandwa muhogo, na kati ya muhogo palipandwa kunde na mbaazi. Kando palikuwa na mtama, mahindi, na mboga kama mchicha na mnavu. Mgeni aliyelitazama alidhani ni vurugu tupu, kumbe palikuwa na hesabu. Kunde huirutubisha ardhi na kuufunika udongo usichomwe na jua. Muhogo hustahimili kiangazi. Mnazi hutoa mazao mwaka mzima. Kimoja kikiharibika, kingine kilisimama.

Urithi huu haukutoka mahali pamoja. Mtama na kunde ni mimea ya Afrika. Mnazi ulitujia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Muhogo na mahindi asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioanza kuuvusha muhogo mpaka Afrika. Wazee walipokea, wakajaribu, wakachagua, wakabakiza kilicho bora. Kwa hivyo urithi wa ukulima si kukataa kila kitu kigeni. Ni kuwa na mbegu nyingi na kuzijua tabia zake.

Hata muhogo wenyewe si wa namna moja. Kuna mtamu, ufaao kuchemshwa au kupikwa kwa nazi, na kuna mchungu wenye sumu, usioliwa mpaka uambuliwe maganda, ulowekwe na kukaushwa. Kuna ukomaao upesi, na kuna uwezao kukaa ardhini muda mrefu bila kuharibika. Mbegu iitwayo Kibandameno yapendwa sana katika pwani yetu kwa utamu wake, na sokoni hupata wanunuzi bila taabu. Lakini Kibandameno hushikwa upesi na maradhi, na hapo ndipo shida ilipo.

MARADHI MAWILI

Maradhi ya kwanza ni batobato. Majani hupata mabaka ya manjano, hujikunja na kudumaa, na mizizi huwa midogo. Habari zake ziliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka Usambara. Maradhi ya pili ni michirizi ya kahawia, ambayo mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha Amani, huko huko Usambara, aliyaeleza mwaka 1936. Haya ndiyo yanayoozesha. Majani ya chini huwa ya manjano kandokando ya mishipa, shina hupata michirizi, na muhogo ukikatwa huonekana una madoa makavu ya rangi ya kahawia, haufai kuliwa wala kuuzwa.

Maradhi yote mawili huletwa na virusi, navyo huenea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni nzi weupe, wadudu wadogo sana wakaao chini ya majani. Njia ya pili ni sisi wenyewe. Muhogo hupandwa kwa vijiti, na kijiti kilichokatwa katika mti mgonjwa ni kigonjwa tangu siku ya kupandwa. Desturi njema ya jirani kumpa jirani mbegu, iliyoeneza mihogo mizuri pwani nzima, ndiyo hiyo hiyo inayoeneza maradhi.

KAZI ILIYOFANYWA AMANI

Katika miaka ya 1930 Storey na mwenzake Nichols walianza kutafuta dawa ya mambo haya. Hawakuitafuta katika chupa, bali katika mimea. Waliuzalisha muhogo pamoja na mti wa mpira uitwao mpira wa Ceara, ambao ni wa ukoo mmoja na muhogo. Mti huo hauna mizizi ya kuliwa, lakini una nguvu ya kupinga maradhi. Miche ya kwanza ilirithi nguvu hiyo, ila mizizi yake haikufaa. Basi ikazalishwa tena na muhogo, mara kwa mara, mpaka ikapatikana miche yenye nguvu na yenye chakula pia.

Mmoja wa miche hiyo uliandikwa namba 46106/27. Katika pwani ya Kenya wakulima wameujua kwa jina la Kaleso. Tanzania kuna muhogo uitwao Namikonga, na wataalamu walipolinganisha asili zao waliona kuwa ni mmoja. Kaleso hauna kinga kamili, lakini hustahimili michirizi ya kahawia kuliko mihogo mingi, na kwa sababu hiyo wataalamu wameutumia sana kuzalisha mbegu mpya.

Habari haikukoma hapo. Mwaka 1956 mbegu kutoka Amani zilipelekwa Ibadan, Nigeria, na kutokana nazo ukapatikana mche namba 58308. Mche huo haukuzaa sana, na mtu mwenye haraka angeutupa. Haukutupwa. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya ukulima iliyoko Ibadan waliutumia kuzalisha mihogo mipya, mmojawapo ukiwa TMS 30572. Batobato kali ilipozuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaharibu makonde na kuwaletea watu njaa, muhogo huo ulikuwa miongoni mwa mbegu walizogawiwa wakulima, nao wakaujua kwa jina la Migyera. Hivyo kazi iliyoanzwa Usambara ilizunguka Afrika ya Magharibi, ikarudi kuwalisha watu wa Afrika ya Mashariki.

KONDE NDILO GHALA

Mtu aweza kuuliza: mbegu mpya zikiwapo, za kale ni za nini? Jibu ni kwamba mpya huzaliwa na za kale. Mbegu ya kale ikipotea, nguvu iliyokuwa ndani yake imepotea pia, na hakuna ajuaye ni maradhi gani yatakuja kesho.

Ireland ilijifunza jambo hili kwa machozi. Maskini wa nchi ile walitegemea viazi, na sehemu kubwa vilikuwa vya mbegu moja. Mwaka 1845 ukungu uliingia katika viazi hivyo, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi. Hata leo ulimwengu umeegemea mimea michache. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba mimea ipatayo 6,000 imelimwa kwa chakula, lakini mimea 9 tu ndiyo inayotoa asilimia 66 ya mazao yote. Sisi nasi tuliionja hatari hiyo mwaka 2022, wakati wa ukame na vita vya Ukraine, ambapo paketi ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200.

Mahindi na mtama waweza kuwekwa mbegu zake mahali penye baridi kwa miaka mingi. Muhogo si hivyo. Ukipandwa kwa mbegu ya tunda lake hautoki kama mama yake. Lazima uendelezwe kwa kijiti, mwaka baada ya mwaka. Wataalamu wana njia ya kuutunza katika vichupa, lakini si kila muhogo wa kijijini uliowafikia. Kwa mingi, ghala ni konde la mkulima.

Na makonde yanapungua. Changamwe imekuwa mahali pa viwanda, reli na uwanja wa ndege. Kisauni na Likoni zimejaa nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Mombasa ina watu 1,208,333. Watu lazima wapate pa kulala, hatuwezi kulaumu jambo hilo. Lakini shamba linapokatwa viwanja, mzee akauza na kuondoka bila kumpa mtu vijiti vyake, huenda mbegu ikafa siku hiyo hiyo, wala hapana mtu wa kuilia.

YAPASA TUFANYE NINI

Kwanza, chagua vijiti kabla ya kung'oa. Tazama majani na shina wakati mmea ungali mzima, ukatie alama ulio safi.

Pili, siku ya kung'oa kata mizizi kadhaa ya mti huo uitazame ndani. Ikiwa na doa la kahawia, mti huo si wa mbegu, hata ukiwa mnene namna gani. Vijiti vyake vichome moto.

Tatu, kata vijiti vya urefu wa shibiri moja vyenye macho matano au zaidi, upande mvua zinapoanza. Mche utakaoonyesha ugonjwa mapema ung'oe.

Nne, usipande mbegu moja. Zitenge kwa mistari na ujue jina la kila moja. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, kilicho karibu na Kisauni, kimetoa mihogo kama Tajirika, Shibe, Karembo na Nzalauka, iliyochaguliwa kwa kustahimili maradhi. Muulize bwana shamba au bibi shamba wako. Panda hiyo mipya, lakini bakiza na mstari wa mbegu ya mama yako.

Tano, ukihama au ukiuza shamba, mpe jamaa au jirani vijiti safi kwanza, na umtajie jina la mbegu na tabia yake.

Konde la nusu eka nyuma ya nyumba laweza kuonekana dogo mbele ya malori yapitayo Changamwe yakibeba nafaka kutoka bandarini. Lakini nafaka ile hutegemea mvua na amani ya nchi za watu wengine. Muhogo ulio ardhini ni wako. Uutunze, nao hautaoza.