Saratani ya Umio: Tusisubiri Jibu la Mwisho

Huanza na ugali. Tonge linakwama kifuani, mtu analishushia kwa maji, anaendelea kula. Baada ya muda wali nao unakataa kupita, kisha ndizi, na mwishowe hata uji. Wengi hufika hospitali wamekonda, njia ya chakula imeziba karibu yote, na saratani imekwisha kuenea. Mara nyingi daktari hubaki na uwezo wa kumwekea mgonjwa kibomba cha kutanua umio, angalau ameze.

Ugonjwa huu una ramani yake. Kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Eastern Cape nchini Afrika Kusini, saratani ya umio huonekana kwa wingi ambao Afrika Magharibi haiujui. Ulaya, anayepata aina hii ya saratani kwa kawaida ni mwanamume wa makamo au mzee, aliyevuta sigara na kunywa pombe miaka mingi. Katika ukanda wetu wamo wanawake wengi wasiowahi kugusa kimojawapo, na katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, madaktari wameripoti wagonjwa wasiofikisha hata miaka 30. Kuna nini huku?

Swali la namna hiyo lilipata jibu lake la kwanza maarufu London mwaka 1775. Daktari mpasuaji Percivall Pott aliona kwamba saratani ya ngozi ya korodani iliwaandama wasafisha dohani, watu waliotumwa tangu utotoni kupanda ndani ya mabomba ya moshi na kukwangua masizi. Pott hakuwa na maabara wala takwimu. Alikuwa na wagonjwa, na alijua kazi zao. Mwaka 1915, huko Japani, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walipaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, tena na tena kwa miezi, hadi saratani ikaota. Kemikali yenyewe inayosababisha saratani, benzopireni, ilitenganishwa mwaka 1933 na watafiti wa London walioanza na tani 2 za lami.

Kutoka Pott hadi benzopireni ni miaka 158. Lakini wasafisha dohani wa Denmark hawakungoja. Miaka michache tu baada ya Pott kuandika, chama chao kiliwahimiza wanachama kuoga kila siku. Mwaka 1892 mpasuaji Henry Butlin alilinganisha Uingereza na nchi jirani za Ulaya, akakuta kwamba penye desturi ya kunawa na kuvaa nguo za kuziba masizi, saratani hiyo ilikuwa adimu.

Watafiti wa ukanda wetu wanafuata njia ileile ya kulinganisha, ila kwa vipimo makini zaidi. Mkoani Kilimanjaro walikwenda na kipimajoto na kupima chai ya watu pale wanapopiga funda la kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha wastani wa nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Wanywaji wa chai ya maziwa, ile inayochemshwa pamoja na maziwa sufuriani, waliinywa ikiwa na joto la takriban nyuzi 2 zaidi kuliko wanywaji wa chai ya rangi, kwa sababu chai ya rangi ilipoa haraka maradufu. Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kosa si la majani ya chai, ni la joto. Na makundi ya IARC hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari.

Kisha ukaja utafiti wa Eldoret, nchini Kenya. Zaidi ya wagonjwa 400 walilinganishwa na watu wa idadi inayokaribia hiyo wasio na saratani ya umio. Waliozoea vinywaji vya moto sana walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara tatu ya waliovinywa vya vuguvugu. Utafiti wa aina hii una mtego wake: mwenye umio ulioziba hawezi tena kunywa chai ya moto, kwa hiyo lazima aulizwe alivyokunywa kabla ya kuugua, na kumbukumbu huteleza. Ndiyo maana ni muhimu kwamba huko Golestan, Iran, watafiti waliwapima chai watu wapatao 50,000 wakiwa wazima, wakawafuatilia kwa miaka, na joto likaibuka tena kuwa hatari.

Jambo lililowashangaza wengi lilitoka kwenye DNA. Moshi wa sigara huacha alama zake katika chembe za saratani ya mapafu, na jua huacha zake katika saratani ya ngozi. Mwaka 2021 zilichapishwa jenomu 552 za saratani ya umio kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Watafiti walitarajia kukuta alama ya mhalifu wa ukanda huu. Hawakuikuta: alama za nchi zenye wagonjwa wengi zilifanana sana na za nchi zenye wachache.

Hilo halimwachii huru mshukiwa wetu, joto. Linaonyesha kwamba huenda baadhi ya visababishi haviharibu DNA moja kwa moja. Umio unaounguzwa kila siku ni kama kidonda kinachotoneshwa: kila ukijitengeneza, chembe hugawanyika, na zile zilizokwisha kuharibika hupata nafasi ya kushamiri. Ukuta uliochubuka pia huweza kupitisha sumu nyingine kwa urahisi. Na vinywaji vya moto haviko peke yake: moshi wa kuni majikoni umo katika kundi lilelile la IARC, na chang'aa na busaa ni pombe kama pombe nyingine.

Basi hakuna kisababishi kimoja cha kunyoshewa kidole, na utafiti utaendelea. Lakini yanayojulikana yanatosha kuanzia. Mimina chai, iache dakika kadhaa, na usiwape watoto mazoea ya kuinywa ikitoka mvuke. Jiko la kuni lipate tundu la kutolea moshi. Sigara na pombe viachwe. Mwenye kukwamwa na chakula zaidi ya mara moja aende akachunguzwe umio, asingoje hadi uji ushindwe kupita. Nazo serikali za ukanda huu ziiweke nishati safi ya kupikia kwenye mipango ya kuzuia saratani, maana mama anayepika kwa kuni hana uwezo wa kujichagulia hewa anayovuta.