Ukano wa Kisigino na Mashini ya Joto



Kijana achezaye mpira hapa Mulekera, au akimbiaye alfajiri kando ya barabara iendayo Butembo, huweza kuamka siku moja na kisigino kigumu kama ubao. Hatua za kwanza humwuma. Akitembea kidogo maumivu hupungua, naye husahau. Jioni hurudi kiwanjani. Baada ya majuma machache hata kukimbia hawezi. Siku hizi vijana waonao mambo ya ng'ambo katika simu zao huuliza: Je, hatuwezi kuipata ile mashini ya mawimbi ya redio inayotumiwa kwa wachezaji wakubwa? Swali hili ni jema, nasi yatupasa kulijibu.

Kwanza tujue ukano ni nini. Ni kamba imara iunganishayo msuli na mfupa. Ule wa kisigino ni mnene kuliko kano zote za mwili. Mtu akimbiapo hubeba mzigo wa mara 6 hadi 8 ya uzito wake. Lakini damu huufikia kidogo, hasa mahali palipo vidole vichache juu ya kisigino, na kwa hiyo huchelewa kupona. Anayeongeza mbio ghafula, au anayerudi mashindanoni baada ya kukaa bure muda mrefu, huutwika mzigo kabla haujawa tayari.

Hata mabingwa hawaepuki jambo hili. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikwenda Sydney mwaka 2000 akiwa anaumwa ukano wa kisigino. Alimshinda Paul Tergat wa Kenya katika mita 10,000 kwa sehemu 9 tu za mia za sekunde, kisha akapasuliwa. Mwaka 2001, huko Edmonton, alipata medali ya shaba. Dhahabu ilichukuliwa na Charles Kamathi wa Kenya. Lakini mwaka 2008 alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, rekodi ya dunia wakati huo. Mvumilivu hula mbivu.

Sasa tuitazame mashini yenyewe. Hupitisha mwilini umeme ugeukao kwenda na kurudi mara laki 4 na zaidi kwa sekunde moja, karibu na mwendo wa mawimbi ya kati ya redio. Kwa kuwa hugeuka upesi hivyo, misuli haishtuki. Mgonjwa husikia joto tu. Mfaransa Arsène d'Arsonval alilionyesha jambo hilo mwishoni mwa karne ya 19. Bamba moja la chuma huwekwa chini ya mguu, na mtaalamu husogeza jingine juu ya ukano uliopakwa marhamu. Joto huongeza mwendo wa damu na kutuliza maumivu kwa muda. Lakini joto peke yake haliufundishi ukano kubeba mzigo. Tena majaribio yaliyofanywa ni machache, yenye watu wachache. Wala mashini hii haimfai mwenye mimba, wala aliyetiwa chombo cha umeme cha kuongoza moyo.

Basi ni nini kiufundishacho ukano? Ni kazi iliyopimwa. Mwaka 1998, huko Umeå katika nchi ya Sweden, daktari Håkan Alfredson na wenzake waliwapa zoezi moja wakimbiaji 15 waliokuwa wakiumwa muda mrefu. Baada ya majuma 12 wote 15 walikuwa wamerudi kukimbia. Zoezi lenyewe halihitaji umeme, bali ngazi moja ya shule au jiwe tambarare. Simama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Inuka kwa miguu yote miwili, kisha shuka polepole kwa mguu unaouma peke yake, mpaka kisigino kiwe chini ya ukingo. Fanya mara 15, upumzike, urudie hata zitimie duru 3. Kisha fanya duru 3 nyingine, goti likiwa limekunjwa kidogo. Hayo yote mara 2 kila siku. Maumivu kidogo yavumilike, yakizidi, punguza. Zoezi likiwa jepesi, beba mfuko wenye mzigo mgongoni. Anayeumwa pale pale ukano unaposhika mfupa afanye sakafuni, asishushe kisigino chini ya ukingo.

Tunawaonya pia juu ya mambo matatu. La kwanza, sindano ya kotizoni ichomwayo ndani ya ukano huondoa maumivu upesi, lakini yaweza kuudhoofisha hata ukakatika. La pili, dawa ya ciprofloxacin, ambayo watu huinunua dukani kwa homa ya tumbo pasipo kumwona daktari, yaweza kudhuru kano. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamuru onyo kali liandikwe juu ya dawa za jamii hiyo. Aliyeandikiwa na daktari asiiache kwa siri. Akiona ukano wauma, amwambie upesi. La tatu, mtu akisikia mlio kama wa fimbo ivunjikayo, akaona kana kwamba amepigwa teke nyuma ya mguu, wala asiweze kusimama kwa vidole, huenda ukano umekatika. Hapo zoezi halifai. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Enyi wazazi nanyi waalimu wa michezo, msiwasukume vijana kucheza huku wakichechemea kwa ajili ya kombe la Jumapili moja. Wala msiuze mbuzi kwa ajili ya safari ya kuitafuta mashini, kabla kijana hajamaliza majuma yake 12 pale ngazini.