Besiboli Marekani: mchezaji mfupi wa chuo kikuu anapimwaje kabla ya kuchukuliwa na klabu kubwa?

Kila mwaka katika mwezi wa saba, klabu 30 za Ligi Kuu ya besiboli huchagua vijana wapatao 600 kutoka shule na vyuo vikuu. Katika orodha hiyo hakosekani kijana wa aina moja anayewagawanya watafuta vipaji: mwanafunzi wa chuo kikuu, mfupi, anayeweza kucheza nafasi tatu za uwanja wa ndani, anayegonga mpira karibu kila mara, lakini ambaye ukimwona akishuka kwenye basi pamoja na wenzake unaweza kudhani ni yule anayewabebea maji.

Je, achukuliwe au aachwe? Kwa klabu, jibu lina bei ya mamilioni ya dola. Kwa kijana, ni maisha yake.

Kwetu, mtu akisikia kwamba mtafuta vipaji ametoka Marekani, anafikiria basketi, na anafikiria urefu. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichaguliwa wa saba mwaka 2021. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa wa saba mwaka 2011. Marehemu Dikembe Mutombo alikuwa na 2,18 m. Hilo linaeleweka, kwa kuwa kikapu cha basketi kiko 3,05 m juu ya ardhi na aliye mrefu yuko karibu nacho zaidi. Besiboli haina kikapu. Hata hivyo, kwa miaka mingi kimo kimekuwa kitu cha kwanza kuandikwa kwenye ripoti ya mchezaji.

Kazi ya uwanja wa ndani

Kwa asiyeujua mchezo huu: kuna besi nne zinazofanya mraba, na kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27,4. Mrusha mpira anautupa, mpigaji anaugonga kwa rungu, kisha anakimbilia besi ya kwanza. Wachezaji wanne wa uwanja wa ndani wanatakiwa kuudaka mpira unaotambaa au kurukaruka chini, na kuutupa besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika. Mpigaji wa mkono wa kulia mwenye mbio za kawaida hufika kwa sekunde 4,3 hivi. Muda ni mdogo.

Kila nafasi ina dai lake. Wa besi ya kwanza hupokea mipira ya wenzake, ndiyo maana watu warefu hupendwa pale. Wa besi ya tatu anahitaji macho mepesi na mkono wenye nguvu. Kati ya besi ya pili na ya tatu anasimama shotistopu, mwenye eneo kubwa la kulinda na mpira mrefu wa kutupa. Wa besi ya pili hutupa umbali mfupi zaidi, lakini mara nyingi lazima ageuke hewani huku mkimbiaji akimjia miguuni.

Katika kazi hizo, mtu mfupi hana hasara kubwa. Yuko karibu na ardhi na anageuka upesi. Tena, eneo ambalo mrusha mpira anatakiwa kulilenga hupimwa kuanzia goti la mpigaji hadi katikati ya kiwiliwili chake. Mpigaji akiwa mfupi, dirisha hilo nalo linakuwa dogo.

Wasiwasi wa watafuta vipaji uko kwingine: nguvu. Mwili mdogo utaweza kuupeleka mpira mbali? Mkono utafikisha mpira besi ya kwanza kutoka mbali? Na miguu itastahimili michezo 162 ya msimu mmoja?

Alama kutoka 20 hadi 80

Wanaofanya kazi hii hutumia kipimo kimoja cha zamani, chenye alama kutoka 20 hadi 80. Hamsini ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu, si wa chuo kikuu. Wanapima mambo matano: kugonga mpira, kuupiga mbali, mbio, mkono na kudaka. Kila jambo huandikwa mara mbili: alivyo leo, na atakavyokuwa baada ya miaka kadhaa.

Safu hiyo ya pili ndiyo humponza mchezaji mfupi. Kijana wa 1,90 m aliyekonda anapewa alama za kesho, kwa kuwa inadhaniwa ataongeza misuli. Yule wa 1,70 m mwenye miaka 21 anaonekana amekwisha kukua, basi anahesabiwa kwa kile alichonacho leo tu.

Kuna mtego mwingine. Wanafunzi hupiga kwa rungu la aluminiamu au la mchanganyiko wa vifaa, lakini Ligi Kuu ni mbao tupu. Rungu la mbao halisamehe: ukigonga mpira karibu na mpini, unakufa papo hapo. Ndiyo sababu kila kiangazi watafuta vipaji humiminika Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts, ambako wanafunzi bora hucheza kwa mbao. Huko mtu hujua kama takwimu za chuoni zilikuwa za mchezaji au za rungu lake.

Pedroia: wachezaji 64 waliitwa mbele yake

Mfano unaotajwa zaidi ni Dustin Pedroia. Alikuwa shotistopu wa Chuo Kikuu cha Arizona State. Karatasi zilimpa 1,75 m, na wengi waliona hata hapo amekopeshwa sentimita. Katika miaka mitatu chuoni, wastani wake ulikuwa 0,384, yaani kwa kila mara 100 za kupiga alipata pigo safi mara 38. Hata alikubali kuachia pesa za ufadhili wake wa masomo ili chuo kiweze kuleta warusha mpira wazuri zaidi.

Mwaka 2004 wachezaji 64 waliitwa mbele yake. Wa kwanza kabisa, Matt Bush, naye alikuwa shotistopu, tena naye hakuwa mrefu, ila alikuwa na mkono wenye nguvu za kushangaza. Bush alifika Ligi Kuu mwaka 2016, na alifika kama mrusha mpira. Pedroia alichukuliwa na Boston Red Sox, klabu ambayo tayari ilikuwa imemwajiri Bill James, mtaalamu aliyewafundisha watu wengi kusoma takwimu za besiboli kabla ya kutazama umbo la mtu.

Boston ilimhamishia besi ya pili, ambako mpira wa kutupa ni mfupi. Alipoingia Ligi Kuu mwaka 2006, wastani wake ulikuwa 0,191 katika michezo 31. Mwezi wa nne wa 2007 mambo bado yalikuwa mabaya, na waliosema ni mfupi mno walidhani wamepata ushahidi. Klabu ikamwacha acheze. Alimaliza mwaka huo na wastani wa 0,317, akatajwa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake na kutwaa ubingwa. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi hiyo, akiwa na mapigo safi 213.

Nini hakikuonekana kwa macho? Katika mwaka huo wa 2008 alisimama kupiga zaidi ya mara 700, na mara 52 tu ndipo warusha mpira walimtoa bila yeye kugonga. Uwezo wa kutokukosa mpira haupimwi kwa futi ya fundi seremala, wala kwa saa. Unaonekana kwenye daftari la michezo mingi. Daftari hilo lilikuwepo Arizona kwa miaka mitatu, na kila klabu ilikuwa na nafasi ya kulisoma.

Mwaka 2013 Boston ilimpa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 110. Goti lililoumia mwaka 2017 ndilo lililomrudisha nyumbani. Alistaafu mwaka 2021.

Kabla yake kulikuwa na Eckstein

David Eckstein alikuwa mfupi kuliko yeye. Chuo Kikuu cha Florida hakikumwita; alijipeleka mwenyewe kwenye timu bila ufadhili. Mwaka 1997 Boston ilimchagua katika raundi ya 19, na mwaka 2000 ikamwachilia. Anaheim ikamwokota bila kutoa mchezaji yeyote.

Chuoni alikuwa wa besi ya pili, lakini Anaheim ilihitaji shotistopu. Mkono wake ulikuwa dhaifu kwa nafasi hiyo: alipotupa, mwili mzima ulionekana kwenda na mpira. Kwa hiyo alijifunza kusimama vizuri, kufika mapema na kuuachia mpira haraka. Mwaka 2002 Anaheim ikawa bingwa. Mwaka 2006 alikuwa St. Louis, ikawa bingwa pia, na yeye akatajwa mchezaji bora wa fainali.

"Anacheza popote": sifa au kasoro?

Klabu ya Ligi Kuu ina nafasi 26, na kati ya hizo warusha mpira wanaweza kuchukua 13. Wanaobaki ni 13 kwa kazi nyingine zote. Toa tisa wanaoanza mchezo, wanasalia wanne kwenye benchi, na mmoja wao lazima awe mdakaji wa akiba. Kijana anayeweza kuziba besi ya pili, ya tatu na nafasi ya shotistopu anaokoa viti viwili. Tangu 2022 tuzo ya Glavu ya Dhahabu ina kipengele maalumu cha wachezaji wa nafasi nyingi.

Sheria nayo imebadilika. Tangu 2023, wachezaji wawili wa uwanja wa ndani lazima wasimame kila upande wa besi ya pili kabla mpira haujatupwa. Zamani kompyuta iliwapanga mahali mpira utakapopita; leo miguu ya mchezaji inatakiwa kuufuata. Hilo linampa nafasi mtu mwepesi.

Lakini neno "anacheza popote" lina pande mbili. Mara nyingine ni sifa. Mara nyingine ni njia ya adabu ya kusema kwamba hakuna nafasi ambayo anaiweza vya kutosha. Mtafuta vipaji makini huuliza: kati ya hizo tatu, ipi ataicheza kila siku bila timu kumficha?

Madrigal: onyo kwa upande wa pili

Baada ya Pedroia, baadhi ya watu walisema kimo hakina maana tena. Mwaka 2018 Nick Madrigal wa Chuo Kikuu cha Oregon State, mwenye 1,73 m hivi, alichaguliwa wa nne nchi nzima na Chicago White Sox. Alikuwa bingwa wa vyuo vikuu mwaka huohuo, na ilikuwa vigumu kabisa kumfanya akose mpira.

Alianza vizuri: wastani wa 0,340 katika michezo 29 ya mwaka 2020. Mwaka 2021 aliumia vibaya msuli wa paja, na mwezi uliofuata alibadilishwa kwenda klabu nyingine ya mji huohuo, Chicago Cubs. Huko nafasi za besi ya pili na shotistopu zilichukuliwa na wengine. Akajifunza besi ya tatu. Aligonga mpira, ndiyo, lakini mara chache sana uliruka uzio, na walinzi wakamsogelea bila woga. Mwishoni mwa 2024 Cubs iliacha kumwongezea mkataba.

Kwa hiyo, aliyemwogopa Pedroia kwa sababu ya kimo alikosea, na aliyedhani kila mfupi anayegonga mpira ni Pedroia alikosea vilevile. Pedroia alipata mapigo 54 ya besi mbili mwaka 2008. Hakuwa akigusa mpira tu. Aliupiga kwa nguvu. Swali la kwenye ripoti si "ana urefu gani?" bali "mpira ukimjia kwa kasi zaidi, na mkononi ana mbao, utatoka vipi?"

Mwafrika wa kwanza naye alikuwa mfupi

Mtu wa kwanza kutoka bara la Afrika kucheza Ligi Kuu ya besiboli alikuwa wa aina hiihii. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mwenye 1,73 m hivi, alicheza shotistopu na besi ya pili. Hakupitia chuo kikuu: alikulia kwenye klabu ya Randburg karibu na Johannesburg, ambako mama yake alifanya usafi, na watafuta vipaji walimwona kwenye kituo cha mafunzo nchini Italia. Pittsburgh Pirates ilimsaini mwaka 2008 akiwa na miaka 18.

Alikaa ligi ndogo kwa miaka tisa hivi. Tarehe 26 mwezi wa nne 2017 aliingia uwanjani dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa wa wakati huo, na mara yake ya kwanza kupiga akapata pigo safi kwa mpira wa Jon Lester, jitu la 1,93 m.

Kudaka kwake kulisifiwa na kila mtu. Kugonga mpira ndiko kulikomshinda: mwaka huo alicheza michezo 28 na kukosa mpira mara nyingi, na baada ya muda mfupi Toronto mwaka 2018 hakurudi tena Ligi Kuu. Sentimita hazikumzuia Ngoepe kufika. Kilichomrudisha nyuma ni rungu, kitu kilekile kilichompandisha Pedroia.