Ofisi ya taaluma ya chuo kikuu

Ofisi ya taaluma ni sehemu ya utawala wa chuo kikuu inayosimamia masuala ya masomo ya mwanafunzi tangu udahili hadi kuhitimu: usajili, ratiba, mitihani, matokeo na utoaji wa vyeti. Wahadhiri hufundisha na kusahihisha, lakini ofisi hii ndiyo inayotunza kumbukumbu zinazothibitisha mwanafunzi alisoma nini na alifaulu nini. Kwa sababu hiyo, alama ya kozi moja tu isipoingizwa kwenye kumbukumbu inaweza kumzuia mwanafunzi kuingia mwaka unaofuata, kupata mkopo au kuhitimu.

Muundo

Nchini Tanzania ofisi hiyo kwa kawaida huwa chini ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Matokeo ya mitihani huidhinishwa na Seneti ya chuo. Ofisi huyaandaa na kutekeleza maamuzi yanayofikiwa. Katika ndaki, vitivo na idara kuna waratibu wa mitihani na washauri wa kitaaluma, ambao ndio mwanafunzi huwaendea kwanza.

Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005. Katika mfumo wake, krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji krediti zisizopungua 360. Ofisi ya taaluma hukagua hesabu hiyo kabla ya jina la mwanafunzi kuingia katika orodha ya wahitimu.

Msaada kwa wanafunzi

Mitihani. Mwanafunzi aliyefeli kozi hupewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita "sapu". Kwa kawaida alama ya juu anayoweza kuandikiwa hapo ni ya kiwango cha kufaulu tu, hata akifanya vizuri sana. Mtihani maalumu ni jambo tofauti: hupewa mtu ambaye hakuweza kufanya mtihani kwa sababu iliyokubaliwa, kama ugonjwa au msiba, na alama zake huhesabiwa kama za mara ya kwanza. Tofauti kati ya mambo hayo mawili mara nyingi ni barua na cheti cha daktari vilivyofika ofisini kwa wakati.

Kuahirisha masomo. Mwanafunzi anayeugua, anayejifungua au anayekosa ada anaweza kuomba kuahirisha muhula au mwaka. Akiruhusiwa, nafasi yake hutunzwa. Akiondoka kimya kimya, anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha masomo.

Mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huendelea kumkopesha mwanafunzi kwa kutegemea matokeo yanayoletwa na chuo. Matokeo yakichelewa, fedha za chakula na malazi nazo huchelewa.

Rufaa. Mwanafunzi asiyeridhika na matokeo anaweza kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa na kanuni za chuo. Hilo ni muhimu zaidi kwa yule aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, yaani "aliyedisko" katika lugha ya wanafunzi.

Ulemavu. Mwanafunzi asiyeona au mwenye ulemavu mwingine anaweza kupangiwa muda wa ziada, msaidizi wa kuandika au karatasi ya mtihani ya nukta nundu.

Katika mkoa wa Simiyu

Simiyu ni mkoa uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012, na makao makuu yake yako Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497. Vijana wengi wa mkoa huo husoma elimu ya juu Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, lakini baadhi husoma bila kuhama mkoa.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa kupitia vituo vya mikoa, kikiwemo cha Simiyu. Humwezesha mwalimu au mtumishi wa halmashauri kusoma huku akiendelea na kazi. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), ambacho si chuo kikuu lakini hutoa shahada, kina kampasi wilayani Bariadi.

Taasisi zote mbili zina makao makuu Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kwa hiyo ofisi ya karibu hupokea mwanafunzi, humwelekeza na kufuatilia suala lake, lakini mambo kama kuidhinisha matokeo huamuliwa mbali. Kwa mwanafunzi anayeishi Mwanhuzi wilayani Meatu, hata safari ya Bariadi inagharimu nauli na siku ya kazi. Mifumo ya mtandaoni ya usajili na matokeo imepunguza safari hizo, ingawa humtaka mwanafunzi awe na simu au kompyuta, umeme na intaneti.

Wajibu wa mwanafunzi

Ofisi haiwezi kurekebisha jambo isilolijua. Mwanafunzi anatarajiwa:

- kuhakikisha majina yake yanafanana katika cheti cha kidato cha nne, usajili wa chuo na maombi ya mkopo;
- kusajili kozi zote kabla ya tarehe ya mwisho;
- kutunza stakabadhi za malipo na nakala za barua zilizogongwa muhuri wa mapokezi;
- kukagua matokeo kila muhula na kuripoti alama isiyoonekana mapema.

Alama inayokosekana katika mwaka wa kwanza ni rahisi kuitafuta wakati karatasi za mtihani bado zipo na mhadhiri yupo. Ikigunduliwa wiki chache kabla ya mahafali, mwanafunzi anaweza kulazimika kungoja mahafali ya mwaka unaofuata.