Hatari ya Vipuri Rahisi katika Njia ya Petroli

Gari linalopanda Mlima Kitonga, kutoka bonde la Ruaha kuelekea Iringa, hutumia petroli nyingi wakati uleule ambapo mwendo wake ni mdogo na upepo wa kuipoza injini ni haba. Hapo ndipo aghalabu hugundulika ubovu wa kipuri ambacho tangu Dar es Salaam hakikuonyesha dalili yoyote.

Siku hizi mwenye gari wa Iringa au Mbeya huweza kuchagua chujio, pampu au mpira wa petroli kwa kutazama picha katika intaneti, akalipa kwa simu, na mzigo ukaletwa kwa basi. Picha humwonyesha umbo. Lakini kufaa kwa kipuri cha namna hii hutegemea mambo yasiyoonekana pichani, na mengine hayaonekani hata kipuri kikiwa mkononi.

Tuchukue chujio. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi ili eneo la kuchujia liwe kubwa. Mtengenezaji anayebana gharama hupunguza mikunjo, au hutumia karatasi yenye matundu makubwa. Matundu yakiwa makubwa, vumbi hupita. Katika injini za kisasa za dizeli, nafasi iliyopo kati ya sindano ya nozeli na ala yake ni mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Dizeli nayo husukumwa humo kwa kanieneo inayozidi mara 1,000 ile ya hewa. Chembe isiyoonekana hugeuka msasa.

Mikunjo ikiwa michache, chujio huziba mapema, na hapo mwinuko wa nchi huongeza tatizo. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni kama nne ya tano ya ile ya pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Petroli vilevile hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi. Katika magari ya zamani yenye kabureta, pampu inayoendeshwa na injini huivuta petroli kutoka tangini. Chujio lililoziba hupunguza zaidi kanieneo bombani, petroli yenye joto hutoa mvuke, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika hubaki ikisukuma mapovu. Injini hukohoa, kisha huzimika mlimani. Dereva hukilaumu kituo cha mafuta. Wala si ajabu, kwani uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulienea hata EWURA ikaanza kutia mafuta vinasaba mwaka 2010.

Mpira ni hatari zaidi, maana unaweza kuleta moto. Mpira wa asili huvimba na kulegea ndani ya petroli. Unaofaa ni wa kutengenezwa viwandani, kama vile nitraili. Hata huo hutofautiana: mpira wa kabureta haukukusudiwa kuhimili kanieneo ya mfumo wa nozeli, na ule wa kuwekwa ndani ya tangi lazima uhimili petroli nje na ndani. Ufa mdogo hurusha petroli kwenye bomba la moshi lenye joto la mamia ya nyuzi. Baridi ya Mbeya haisaidii kitu, kwa kuwa mvuke wa petroli huweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri.

Mwalimu anaweza kuonyesha uvimbaji huo kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kipimwe urefu, kitiwe katika chupa ya mafuta ya taa, mbali na moto, kisha kipimwe tena baada ya siku mbili. Kando yake kiwekwe kipande cha mpira halisi wa petroli.

Yafaa ieleweke kwamba kipuri kisichobeba jina la kiwanda cha gari si lazima kiwe kibovu. Denso na Bosch huviuzia viwanda vya magari sehemu nyingi za mfumo huu, na huziuza pia kwa majina yao wenyewe. Kibaya ni kile kinachoiga jina la mwingine, kosa ambalo hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mnunuzi alinganishe namba ya kipuri kipya na ya kile cha zamani, asome maandishi ya kiwango yaliyochapwa kwenye mpira wenyewe, na adai risiti. Baada ya kufunga, fundi awashe injini na kukagua kila kiungo kama kinavuja, kabla gari halijaondoka gereji.